MKUBWA WA KAZI HUTAZAMWA KILA SIKU

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosemwa na mfasiri wa Serikali huko Myanga, Bungoma, mbele ya wasimamizi wa kazi, walimu wakuu, wanakamati wa vyama vya ushirika na wenye maduka. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kufika.)



Nimeombwa niseme nanyi habari za wakubwa wa kazi na imani ya watu walio chini yao. Mimi mwenyewe si mkubwa sana. Kazi yangu ni kufasiri. Barua, matangazo na sheria huingia mezani pangu kwa Kiingereza na kutoka kwa Kiswahili, na mara nyingine hutoka na makosa, kama nitakavyoungama baadaye. Lakini mfasiri hukaa pembeni mwa meza za wakubwa wengi. Husikia yasemwayo, na huona mengi yasiyosemwa. Kwa muda wa miaka kumi na mitatu nimewatazama, nao pengine hawakujua kuwa watazamwa.

Nianze na neno moja, maana maneno ndiyo jembe langu. Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Sura ya Sita, Kifungu cha 73, imeandikwa kuwa madaraka apewayo mtumishi wa Dola ni kitu alichowekewa na wananchi. Neno la Kiswahili linalofaa hapo ni amana. Nanyi mwajua amana ni nini. Jirani yako akisafiri akakuachia mbuzi wake wawili, mbuzi hao si wako. Huwezi kuchinja mmoja kwa sababu umepata wageni. Siku mwenyewe arudipo, huna ruhusa ya kumwambia angoje. Sasa, katika shina lile lile la amana ndimo mlimotoka amini, imani, mwaminifu na uaminifu. Watu wa pwani waliyapokea maneno hayo kutoka kwa Waarabu zamani sana, na hata leo ni ndugu wa nyumba moja. Basi mtu akiniuliza kwa nini watu wa ofisi fulani hawamwamini mkubwa wao, mimi huuliza kwanza ameichukuaje amana aliyopewa.

Kifungu hicho chawafunga maofisa wa Dola. Hakimfungi mwenye duka la Myanga aliyeajiri vijana watatu, wala fundi mwenye wanafunzi wawili. Lakini kijana wa dukani hana haja ya kusoma Katiba ili ajue kama tajiri wake humpunja mnunuzi katika mizani. Yeye ndiye aliyeishika mizani hiyo.

Natazama sana vitu vidogo. Chukueni daftari la mahudhurio. Karibu kila ofisi ina daftari ambamo watu huandika saa waliyofika na kutia sahihi. Nimefanya kazi mahali ambapo mkubwa alifika saa tatu na nusu, akashika kalamu, akaandika saa mbili kamili. Hakuna aliyesema neno. Lakini mtu aliyetia sahihi baada yake aliiona ile saa mbili ikiwa bado ina wino mbichi. Kabla ya mwezi kwisha daftari zima lilikuwa saa mbili, saa mbili, saa mbili, toka juu hata chini, nawe ungedhani hiyo ni ofisi ya malaika. Kisha yule mkubwa alitoa barua kali juu ya uchelewaji. Mimi ndiye niliyepewa barua ile niifasiri kwa ajili ya matarishi na wafagiaji. Niliifasiri vizuri, na matarishi wakaisoma wakicheka.

Hayo ni ya kuchekesha. Lakini sasa nawaletea jambo ambalo si la kuchekesha, nalo lanihusu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ofisi nyingine, ambayo sitaitaja. Mkubwa wetu alikuwa mtu hodari, mwenye elimu kubwa, tena si mwizi. Ila alikuwa na desturi moja. Mtu akimwonyesha kosa, humwuliza mbele ya watu, “Nani amekuuliza?” Siku moja karani alimwonyesha hesabu isiyolingana. Akaichukua karatasi, akaipasua mara mbili, akaitupa kapuni, akaendelea kunywa chai. Kesho yake tulikuta hesabu imesahihishwa kimyakimya, sawasawa na alivyosema karani. Karani hakuambiwa pole wala ahsante.

Baada ya juma moja ililetwa mezani pangu rasimu ya tangazo la chanjo ya ng'ombe. Ilikuwa kwa mkono wa mkubwa mwenyewe. Ilisema watu walete mifugo yao siku ya Alhamisi, tarehe 14. Nilitazama kalenda ukutani. Tarehe 14 ilikuwa Jumatano. Niliinuka nikafika mpaka mlango wake. Hapo nikaikumbuka ile karatasi iliyopasuliwa. Nikarudi nikakaa, nikaandika kwa Kiswahili safi kabisa, “siku ya Alhamisi, tarehe 14.”

Mabwana na Mabibi, mwaweza kukisia yaliyofuata. Waliofuata tarehe walikuja Jumatano. Waliofuata siku walikuja Alhamisi. Waganga wa mifugo walikuja Alhamisi. Mzee mmoja alikuwa amewaswaga ng'ombe watano mwendo wa saa tatu siku ya Jumatano, akakuta uwanja mtupu, akawarudisha. Alhamisi hakuja tena. Alikuja ofisini wiki iliyofuata, si kwa ugomvi, akauliza tu kama sisi tulioandika hatuna kalenda. Mkubwa alitoka nje akauliza kwa sauti ni nani aliyekosa. Tukanyamaza sote. Lawama ikamwangukia kijana aliyepiga chapa, ambaye kosa lake lilikuwa kuandika kile alichopewa.

Sijitoi katika lawama. Mimi nilikuwa mtu mzima, na kalenda niliiona. Lakini nawaambia ninyi mlio wasimamizi: pale mlangoni sikuwa nafikiri habari za ng'ombe hata kidogo. Nilikuwa nafikiri habari za uso wa mtu mmoja. Mkubwa yule hakupoteza chochote siku ile alipopasua karatasi, wala hakujua kuwa tangu saa hiyo habari za kweli zimeacha kupita katika mlango wake. Ile gharama ililipwa na mzee mwenye ng'ombe watano.

Sasa niwapeleke upande wa Kitale, mkaone kinyume chake. Wengi wenu mna jamaa huko. Mwajua kuwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kuwa mwaka 1964 ilitoka huko mbegu ya mahindi iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuoza mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, nchi ya Amerika ya Kusini. Mbegu za namna hii zilibadili mashamba yetu. Lakini labda si wote mjuao zinavyofanyizwa. Hupandwa mistari ya mahindi mama na mistari ya mahindi baba. Yafika siku ambapo maua ya kiume huanza kuchomoza vileleni mwa mahindi yote. Hapo watu hupita katika mistari ya mama na kung'oa maua hayo, bua kwa bua, kila siku, kabla hayajamwaga unga wake. Yakiachwa, mahindi mama hujizalisha yenyewe, na kile kitakachotiwa gunian si mbegu ile iliyotakiwa. Mkulima wa Kimaeti atainunua, ataipanda, na atajua miezi mitano baadaye.

Fikirini sasa. Ni msimamizi gani awezaye kukagua kila bua katika shamba la ekari hamsini? Hayupo. Yule mwanamke apitaye mstarini alfajiri, nguo zimelowa umande, majani yakimkata mikono, ndiye ajuaye kama ameruka bua au hakuruka. Kazi yote yategemea kwamba aliyekosa atasema.

Namjua mama mmoja aliyekuwa nyapara katika shamba la namna hii huko Trans Nzoia. Aliniambia kuwa siku ya kwanza ya kazi hiyo, kila mwaka, yeye mwenyewe huchukua mstari mmoja na kuufanya mbele ya wengine. Kisha huwaomba wapite nyuma yake watafute alichokiacha. Aghalabu hupatikana bua moja au mawili. Yeye huyang'oa, husema hayo nimeyaacha mimi, kisha kazi huendelea. Basi. Hana hotuba nyingine. Mwaka mmoja msichana alimjia jioni, malipo yakiwa yamekwisha kuandikwa, akasema kuwa aliruka nusu ya mstari kwa sababu ya kuumwa na kichwa. Yule mama hakumkata senti. Alimshukuru, akaamka kesho yake kabla ya jua, wakaenda pamoja kuumaliza ule mstari. Nilimwuliza, je, hakuogopa kuwa watu watafanya uvivu wakijua hawakatwi? Akanitazama kama mtu amtazamavyo mtoto, akanijibu kuwa mvivu hafiki jioni kujishtaki.

Habari hizi si za ofisi na mashamba tu. Jirani zetu wa Tanzania walizijaribu kwa taifa zima, na yafaa tujifunze kwao. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam wakipinga masharti ya kazi ya kujenga taifa, kwani walitakiwa kupokea sehemu tu ya mshahara. Rais Julius Nyerere aliwafukuza karibu mia nne. Lakini siku ile ile alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kusema kuwa aliwaonea wale vijana, na wako waliosema hivyo. Ila hapana aliyeweza kusema kuwa aliwataka wengine wajifunge mkanda naye akaulegeza wake. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, au hisa katika makampuni, au nyumba za kupangisha.

Mwezi wa Februari 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo. Humo kiongozi alikatazwa kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu kwa watu walio chini yake. Tazameni jambo hili. Si desturi ya vyama vya siasa kuandika habari za dharau. Huandika habari za mishahara na za viwanda. Lakini Mwongozo uliyataja yale mambo ya kila siku, namna mtu asemavyo na mwenziwe, nao wafanyakazi waliusoma wakayashika maneno hayo kwa mikono miwili. Toka mwaka ule hata 1973 ilizuka migomo mingi viwandani. Mwanachuoni Issa Shivji, aliyeyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1976, ameonyesha kuwa katika migomo hiyo malalamiko juu ya matusi, ubabe na mwenendo wa mameneja yalisikika sana, si ya fedha peke yake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel huko Dar es Salaam walifika hata kukishika kiwanda wenyewe. Hao Serikali iliwaunga mkono. Wengine waliojaribu kuwafuata katika mahali pengine hawakuwa na bahati hiyo, walizuiwa, na wako waliopoteza kazi.

Nami naona hapo fundisho lenye ncha mbili. La kwanza ni kuwa dharau huhesabiwa. Mfanyakazi hana daftari lake, lakini anakumbuka siku aliyoitwa mpumbavu, na mwaka, na nguo aliyokuwa amevaa aliyemwita. La pili ni kuwa usiwape watu karatasi yenye ahadi ya heshima ikiwa hukukusudia kuitimiza, kwa maana wataisoma.

Juzi juzi Tanzania ilituonyesha namna nyingine. Rais John Magufuli aliapishwa tarehe 5 Novemba 1915— la, nimekosea karne, nanyi mmecheka, sawa: ni 2015. Kesho yake alikwenda kwa miguu mpaka Wizara ya Fedha, akakuta viti vitupu, akauliza wenyewe wako wapi. Siku chache baadaye alifika hospitali ya Muhimbili bila ya kutoa habari, akaona wagonjwa wamelala chini, akamwondoa mkuu wa hospitali na kuivunja bodi. Tarehe 9 Desemba, badala ya gwaride la Uhuru, alishika ufagio na kufanya usafi pamoja na watu. Wengi walifurahi, hata huku kwetu. Mimi nilifurahi pia. Lakini nimekaa ofisini, na najua kuwa ziara ya ghafula huwarudisha watu vitini upesi sana, wala haisemi lolote juu ya kile wanachofanya wakiwa vitini. Mtu anayeketi kwa hofu huinua macho kila mlango ulialiapo. Ule ufagio ulinipendeza zaidi kuliko ile ziara.

Sasa naona bwana mmoja pale nyuma anatikisa kichwa, nami nadhani najua sababu. Anasema moyoni, huyu mfasiri asifu adabu, lakini adabu haijazi chungu. Una haki, bwana. Mwezi wa Januari 1947 watu wapatao 15,000 waligoma Mombasa kwa siku kumi na mbili. Hawakugoma kwa kutosalimiwa. Waligoma kwa sababu mshahara haukutosha chakula wala kodi ya chumba. Hata mwaka 1954 ndipo Kamati ya Carpenter ilipokiri wazi kuwa mshahara wa Mwafrika umepimwa kama kwamba hana mke wala watoto. Wakubwa wa siku hizo wangeweza kuwa na upole wote wa dunia, na hesabu ile ingebaki dhuluma.

Na hapa hapa Bungoma twajua uchungu wa mshahara usiofika. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978 kimewaacha wafanyakazi na wakulima wakidai malipo ya miezi mingi, na deni hilo lilikuwa bado mezani mwaka 2025, wakati Serikali ilipokikodisha, pamoja na Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa makampuni ya watu binafsi kwa miaka 30. Webuye nako kiwanda cha karatasi kilifungwa mwaka 2009, na nyumba nyingi hazijasahau. Sikuja kusema nani alikosa. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka. Nasema tu juu ya mahali popote ambapo fedha zimepungua. Hapo ndipo mwenendo wa mkubwa hutazamwa kwa macho makali kuliko siku zote. Watu wataweza kuvumilia mwezi mmoja, hata miwili, wakiambiwa ukweli na mtu ambaye naye hakulipwa. Akiwaambia Ijumaa, na Ijumaa ikapita bila neno, hawatauliza tena. Kunyamaza kwao si uvumilivu. Wamekwisha kuanza kutafuta kazi pengine, au kubeba vitu vya kiwanda kimoja kimoja.

Jambo moja la sheria, kisha nitakaribia mwisho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kuwa kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, sharti mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, akisikiliza. Sharti pia yasikilizwe majibu yake. Nawasihi wenye maduka na mashamba myashike haya. Si bashishi, ni sheria. Nimeitwa mara mbili kufasiri katika mashauri ya namna hii, na mara moja nilimwona mlinzi wa usiku, Mteso mwenye umri mkubwa, aliyekuwa amepewa barua ya Kiingereza ya kurasa mbili. Alikuwa ameikunja vizuri ndani ya kitambaa, akadhani ni barua ya kumsifu kwa sababu ilikuwa na mhuri.

Niliposoma kwa sauti hakulia. Aliomba tu nirudie ile sehemu yenye jina lake, asikie kama ni yeye kweli.

Mwaniuliza basi mkubwa afanye nini. Sina dawa ya chupa. Nimewaona wakubwa wapole wasioaminiwa, na wakali wenye kuaminiwa sana, kwa sababu ukali wao ulikuwa ule ule kwa mpwa wao na kwa mtu baki. Mwalimu mkuu mmoja niliyemjua alikuwa mkali kama pilipili, lakini siku alipomwadhibu mtoto asiye na kosa alisimama mbele ya gwaride la asubuhi akasema jina la mtoto na kumwomba radhi. Wanafunzi wake sasa ni watu wazima wenye mvi, nao wakikutana hawazungumzi habari za mitihani. Huzungumza habari za asubuhi ile.

Mimi leo nina vijana wawili chini yangu, na daftari la mahudhurio liko juu ya meza karibu na dirisha. Mwezi uliopita matatu iliharibika njiani nikafika saa tatu na dakika ishirini. Kijana mmoja alikuwa amesimama karibu. Niliandika saa tatu na dakika ishirini, na mkono, nakiri, ulikuwa mzito. Juma lililofuata yeye alichelewa. Niliiona kalamu yake ikisita, kisha akaandika saa tatu kasorobo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aajiriwe kwamba aliandika saa yoyote isiyokuwa saa mbili. Sikumwambia neno juu ya hayo. Nilimwuliza kama mtoto wake amepona homa, akasema bado, nikamwambia aende nyumbani saa sita.

Nimesema mengi, na wengine mna safari ya kurudi Bumula na Malakisi kabla ya mvua. Aliye na swali asimame aulize, na aliyeona kosa katika maneno yangu aanze yeye.